Eti redi oksaidi ya geti na yakuti ya pete ya bibi ni ukoo mmoja?

mtoto_wa_mtoni

Assalaam alaykum wana jukwaa, naomba mnisaidie maana nyumbani kwangu hakukaliki. Jumamosi nilikuwa napaka geti redi oksaidi, si mnajua upepo wa bahari huku Mtoni unavyokula chuma, geti la miaka minne tu lakini ukilitizama utasema limetolewa kwenye meli iliyozama. Kijana wangu wa fomu tuu akaja na daftari lake la skuli akasimama pale ananitizama, mara akanambia baba hiyo unayopaka na yakuti ni ukoo mmoja, zote oksaidi. Nikamwambia shika brashi hiyo unisaidie, mambo ya yakuti tutayazungumza tukimaliza.

Ningeliacha lipite, lakini kumbe kuna jengine linakuja. Mama ana pete kaachiwa na mama yake, dhahabu ya kizamani, juu ina jiwe jekundu kiasi cha punje ya komamanga, na sisi tangu tunapata akili tunaambiwa hiyo ni yakuti. Wiki hiyo hiyo akaipeleka kwa sonara mjini apunguziwe duara maana vidole vimekonda, sonara akatia kile kioo chake jichoni, akaigeuza geuza, akasema bi mkubwa hii si yakuti, hii inaitwa spineli. Mama karudi nyumbani hata chai hakunywa, anasema ina maana miaka yote hii tunavaa bandia.

Sasa suali langu, huyu mtoto anasema kweli au ananichezea? Na hiyo spineli ni kitu gani, ni kipande cha chupa au ni jiwe la haki? Mwenye elimu atujuze, asiyekuwa nayo anyamaze asije akampandisha mama presha.

kwangua_kwanza

Geti ulikwangua kutu au umepaka juu kwa juu? Jibu hilo kabla ya yakuti

mtoto_wa_mtoni

Juu kwa juu. Usinihukumu, jua lilikuwa kali

kwangua_kwanza

Basi utarudi hapa na suali jengine

maalim_wa_maabara

Waalaykum salaam. Mie nasomesha kemia na huyo kijana mnunulie soda, kasema kweli tupu, tena kweli kuliko anavyojua mwenyewe.

Oksaidi hizi ni metali iliyoshikana na oksijeni, basi, hakuna salfa wala kaboni katikati yao. Chukua chuma, sehemu mbili za chuma kwa tatu za oksijeni, unapata hematiti, na hiyo ndiyo wekundu uliomo ndani ya kopo lako la redi oksaidi. Sasa toa chuma tia alumini, mbili kwa tatu vile vile, na chembe zake zinajipanga kwa mpango ule ule, unapata jiwe linaitwa korandamu. Korandamu ikiwa safi haina rangi kabisa, utadhani kioo. Ikiingia kromiamu kidogo, na mara nyingi hata haifiki moja kwa mia, inageuka nyekundu, hiyo ndiyo yakuti. Ikiingia chuma na titani inakuwa ya buluu, yakuti samawi hiyo. Kwa hiyo hematiti na korandamu si ukoo tu, ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kaishia kwenye geti mwengine kaishia kwenye pete.

Na korandamu ni ngumu, kwenye kile kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10 na korandamu ni 9, ndio maana msasa mwingi unaouzwa hadiware na yale mawe ya grenda yana chembe za korandamu iliyotengenezwa kiwandani. Yaani ungemsikiliza huyo bwana wa juu ukakwangua geti lako, ungekuwa unamkwangua kutu kwa msasa ambao ni ndugu wa yakuti halafu unampaka ndugu mwengine juu yake. Shughuli ya familia nzima.

Na usiseme basi kutu na rangi ni kitu kimoja ya nini kupaka. Kutu imechanganyika na maji, ni legelege, inafumuka na kubanduka vipande, chumvi na unyevu vinapita chini yake vinaendelea kula. Unga wa rangi umeshashiba oksijeni hautaki tena kitu, umekaa ndani ya mafuta ya rangi unaziba njia. Ukipaka juu ya kutu unaziba mlango mwizi akiwa ndani. Zamani watu walipaka chuma rangi ya risasi nyekundu, nayo ni oksaidi, lakini ile ni sumu, kama una kopo la babu stoo usilichezee.

Tizama pia sufuria la alumini jikoni, mbona halishiki kutu? Linashika, tena papo hapo, ila oksaidi ya alumini ni ngozi nyembamba isiyoonekana na imeng'ang'ania haibanduki. Mama akisugua sufuria kwa mchanga mpaka linang'aa, kabla hajaligeuza upande wa pili ngozi imesharudi.

Spineli nayo ni oksaidi, ila hii ina metali mbili, magnesi na alumini. Ugumu 8. Jiwe la haki kabisa, limetoka ardhini, na wekundu wake unatokana na kromiamu ile ile ya yakuti, na mara nyingi hukutwa kwenye mwamba mmoja na yakuti, ndio maana watu walizichanganya karne na karne. Lile jiwe jekundu kubwa la mbele kwenye taji la wafalme wa Uingereza, lile wanaloliita yakuti ya Mwanamfalme Mweusi, ni spineli. Mwaka 1783 ndio Mfaransa mmoja Romé de l'Isle akaandika wazi kuwa haya ni mawe mawili tofauti. Lakini msimpe sifa zote, mwanachuoni al-Biruni kwenye karne ya 11 alishayapima mawe kwa maji akaona yakuti ni nzito kuliko yale mawe mekundu ya Badakhshan, huko Afghanistan na Tajikistan, na mawe ya Badakhshan ndiyo spineli yenyewe. Ukipima leo, yakuti ni kama mara 4 ya uzito wa maji, spineli ni 3.6 tu.

Kwa hiyo mwambie bi mkubwa anywe chai. Kama wafalme walidanganyika na wana wataalamu wao, bibi yake kadanganyika na nani asidanganyike.

ukhty_wa_rahaleo

Maashaallah maalim, mie yakuti naijua kwenye Suratur Rahman tu, pale ilipotajwa pamoja na marijani, sikuwahi kufikiri kama ina uhusiano na geti 😂

dalali_mstaafu

Maalim kasema vizuri ila kuna pahala nataka kuongeza maana mie hii kazi nimeifanya, nilikuwa bara nafanya udalali wa mawe zaidi ya miaka kumi, Arusha na Tanga, mpaka magoti yaliponishinda nikarudi nyumbani.

Watu hapa kwetu wakisikia jiwe la Tanzania wanajua tanzanaiti tu kwa sababu maduka ya watalii Mji Mkongwe yamejaa hiyo. Tanzanaiti si oksaidi, ile ni silikati, ukoo mwengine kabisa, na ni laini, ukiivaa jikoni utalia. Mawe ya kuvaa kila siku ni hawa oksaidi. Bonde la Umba kule Tanga linatoa korandamu za rangi zote, unamwaga mfuko juu ya karatasi nyeupe unaona zambarau, manjano, kijani, chungwa, na rangi ambazo hata jina hazina, na nyengine zinabadilika, mchana rangi hii na usiku chini ya taa rangi nyengine. Longido kuna yakuti imo ndani ya jiwe la kijani, wanachonga vinyago, nyekundu ndani ya kijani kama tikiti. Winza huko Mpwapwa yakuti zilifumuka kwenye mwaka 2008 hivi, watu wakaacha mashamba. Kuna alexandrite nayo, hiyo inatoka karibu na Ziwa Manyara, kijani kwenye jua na nyekundu kwenye taa, ukimwonesha mtu mara ya kwanza anadhani umebadilisha jiwe mkononi.

Sasa spineli. Mahenge, mkoa wa Morogoro. Mwaka 2007 walitoa vipande vikubwa mno pale, kimoja kilizidi kilo 50, na ndani yake zikakatwa spineli za rangi ya waridi inayowaka utafikiri ina taa ndani. Tangu hapo dunia nzima inaulizia Mahenge. Nilishawahi kushika moja ndogo, haikuzidi punje ya kunde, mwenye nayo hakutaka hata niipumulie. Kwa hiyo anayesema spineli ni bandia ya yakuti kapitwa na wakati, spineli nzuri inaishinda yakuti mbovu bei, na tena nyingi hazipikwi kwa moto kama yakuti zinavyopikwa ili zing'ae.

Lakini bwana Mtoni nikwambie la kweli lisilopendeza. Pete za zamani zina hatari moja. Mfaransa Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti kwa kuyeyusha unga wa oksaidi ya alumini na kromiamu kwenye ndimi za moto, na tangu hapo mawe hayo yakasambaa dunia nzima kwa bei chee. Hata zile saa za kutia ufunguo zilizoandikwa zina vito 17, ni yakuti za namna hiyo, zimewekwa kwenye vitundu ambako ekseli za magurudumu zinazunguka ili zisilike. Jiwe la Verneuil ukilitizama kwa kioo ndani utaona mistari imepinda kama ya santuri. Na spineli za kiwandani zipo pia. Jiwe la ardhini lina uchafu wake, spineli mara nyingi ina vichembe vidogo vyenye umbo la piramidi mbili zilizogusana chini, vimejipanga mstari.

Fanya hivi. Tafuta ile tochi ya mwanga wa zambarau wanayokagulia noti za dola, zima taa, mulika pete. Jiwe likiwaka jekundu kama kaa basi si ganeti, lile jiwe jengine jekundu, na chupa ya kawaida nayo haiwaki hivyo. Ila tochi haitakwambia kama ni yakuti au spineli, zote mbili zinawaka, na yakuti yenye chuma kingi inaweza isiwake kabisa. Kutofautisha hizo mbili nenda kwa sonara mwenye vile vioo viwili vyeusi. Linawekwa jiwe katikati linazungushwa, yakuti inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, spineli inabaki giza. Aligeuze na upande mwengine ahakikishe, maana yakuti ina upande mmoja ambao nayo inajificha. Na mwambie asiling'oe.

konde_kwetu

Nyie mnazungumza taji na Mahenge, mie niko Pemba na oksaidi ninazo pwani bure.

Masika yakiisha, vijito vikishamaliza kushusha maji, mchanga wa hapa kwetu unabaki na michirizi myeusi, utadhani mtu kamwaga majivu. Siku moja nikachukua sumaku ya spika mbovu, nikaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, ule wa zamani uliobakia ndani msinishitaki, nikaipitisha juu ya ule weusi. Imejaa manyoya! Chembe zimesimama kama nywele za paka aliyeona mbwa. Siri ya mfuko ni kwamba ukiichomoa sumaku chembe zote zinaanguka zenyewe kwenye sahani, ukisahau mfuko utakaa siku tatu unabandua kwa kucha.

Nikauliza mtu anayejua akanambia inayoshika ni magnetiti, oksaidi ya chuma, ile ile waliyokuwa wakipata sumaku ya asili kabla watu hawajajua kuzitengeneza. Na nyeusi iliyobaki haitaki kushika huenda ni ilmenaiti, chuma na titani. Zinakusanyika kwa sababu ni nzito, mchanga mweupe wa kwatzi ni 2.65 mara ya maji lakini magnetiti ni 5 na ushei, kwa hiyo wimbi linakuja linapeta kama mwanamke na ungo, nyepesi linaondoka nayo nzito inabaki. Wenzetu Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, walichimba mchanga wa namna hii kutoka 2013 mpaka 2024, meli zikija kubeba. Na kinachochekesha, huo mchanga mweusi ndio unaotoa rangi nyeupe, titani yake inakuwa unga mweupe pee unaotiwa kwenye rangi za nyumba na mafuta ya kujikinga na jua wanayojipaka watalii.

Halafu mmesahau NGEU. Marehemu baba alikuwa fundi wa mashua. Alikuwa na jiwe lake jekundu analisaga na maji kwenye kigae mpaka linakuwa kama uji, anachovya uzi, mie nashika ncha huku yeye anashika kule, uzi umekaza juu ya ubao, anaunyanyua katikati kwa vidole viwili anauachia, pa! Mstari mwekundu umenyooka kuliko wa rula. Nguo zangu zote za utotoni zina ngeu. Hiyo ni hematiti maalim, au siyo?

maalim_wa_maabara

Ni hiyo hiyo bibie. Na kuna jaribio zuri la kumfundishia mtoto, geuza kigae cha sakafu upande wa nyuma usiong'aa, sugua jiwe. Hematiti hata ikiwa nyeusi inang'aa kama fedha itaacha alama nyekundu ya damu iliyokauka, na jina lake lenyewe kwa Kigiriki linatokana na damu. Magnetiti inaacha alama nyeusi. Kwa hiyo zile shanga nyeusi wanazouziwa watalii kuwa ni hematiti ya sumaku, zikishikana kwa nguvu ujue zimetengenezwa kiwandani, hematiti ya kweli haivuti hivyo.

mchoma_chokaa

Na chokaa je? Mji Mkongwe wote umesimama kwa chokaa na hamjaitaja. Tunapanga magogo duara, juu tunapanga mawe ya matumbawe, tunachoma, halafu tunaizima kwa maji. Ile kabla hujaizima ni kalsiamu na oksijeni. Si oksaidi hiyo?

maalim_wa_maabara

Ni oksaidi ndiyo, ila sisi tunazungumza madini, yaani kitu kilichojitengeneza chenyewe ardhini. Chokaa ya tanuu umeitengeneza wewe. Ardhini haipatikani ila kwa nadra sana, maana ikiona maji tu haikai.

mchoma_chokaa

Haya maelezo ya vitabuni. Mie nimebeba jiwe likiingia tanuuni zito na likitoka jepesi, kilo mia inatoka hamsini na kitu, na ukilimwagia maji linachemka lenyewe bila moto, nimeshaungua mkono mie. Kama si madini basi ni jini

maalim_wa_maabara

Kilo 56 kwa kila mia kama jiwe ni safi, zile 44 zimepanda juu ni kabondayoksaidi. Na ukutani chokaa inaivuta tena ile hewa kidogo kidogo miaka na miaka inarudi kuwa jiwe. Hapo nakubali umenishinda kwa uzuri wa kitu ingawa sikubali kwa jina. Lakini nikupe na jengine la kukukera, barafu ya mlima Kilimanjaro wataalamu wanaihesabu madini ya oksaidi, hidrojeni na oksijeni, na barafu ya friji yako hawaihesabu.

mchoma_chokaa

Nalala mie

ukhty_wa_rahaleo

Nimesoma yote. Kwa hiyo losheni ya kalamaini niliyompaka mtoto alipopata tetekuwanga nayo??

maalim_wa_maabara

Nayo. Oksaidi ya zinki ndio nyeupe yake, na ule uwaridi ni oksaidi ya chuma kidogo. Ndugu wa geti huyo. Na yale mawe ya redio na tochi mlipokuwa mnayavunja utotoni mikono inakuwa meusi ti, ule unga ni oksaidi ya manganizi. Hebu mwacheni bwana Mtoni arudi atupe habari ya pete.

mtoto_wa_mtoni

Nimerudi. Shukran nyote, nimemsomea mama maneno yote isipokuwa ya Verneuil.

Tochi nimeazima kwa jirani anabadilisha fedha. Tulizima taa chumbani kwa mama, mie na kijana na yeye kakaa kitandani kanyoosha mkono, nikamulika. Wallahi lilikuwa kama kaa ukilipuliza. Mama kaurudisha mkono haraka akadhani linaunguza. Kijana anacheka.

Jana tukaenda kwa sonara mwengine, mzee, ana vile vioo viwili vyeusi. Pete yenyewe iko wazi chini kwa hiyo hakung'oa kitu. Kazungusha, giza. Kageuza upande, kazungusha, giza. Tena upande wa tatu, giza. Halafu akatia kioo jichoni akakaa kimya muda mpaka mama akaanza kusoma dua, akasema mama njoo utizame mwenyewe, akamwonesha ndani, vipunje vidogo vimejipanga mstari kama shanga, vina ncha juu na chini. Akasema ni spineli ya ardhini, na kwa ukataji wake haikukatwa zamani hizi. Akauliza inauzwa? Mama kanitizama mie kama mie ndie niliyeuliza.

Kupunguza duara pia kakataa, anasema moto haukaribii hiyo pete. Kaizungushia uzi mwekundu upande wa chini inamkaa, na jana usiku alikuwa anawasimulia majirani habari za taji la Uingereza.

kwangua_kwanza

Na geti?

mtoto_wa_mtoni

Madoa yameshatokeza upande wa bahari. Msasa namba ngapi?